Mnameza barua zetu kimyakimya halafu mnasema ni kwa usalama wetu?

Wakuu, nimebembeleza vya kutosha, sasa naandika hadharani.

Sina ugomvi na kuzuia spamu, yaani barua taka. Aliyewahi kusimamia kikundi cha barua pepe anajua kwamba bila kichujio wanachama wote wangekimbia. Ugomvi wangu ni huu: barua ya mwanachama inafika, seva inajibu kwamba imeipokea, halafu inaitupa. Mtumaji haambiwi, wapokeaji hawaambiwi. Ukiwauliza wasimamizi, unajibiwa "labda hukutuma vizuri".

Itifaki ya SMTP, hiihii inayobeba barua pepe tangu 1982, haikuliacha jambo hili hewani. Seva ikishajibu 250, yaani "nimeipokea", imebeba dhamana: ama iifikishe barua, ama impe mtumaji taarifa kwamba imeshindikana. Huitaki barua? Ikatae mlangoni, kabla hujaipokea. Jibu 550, yaani "siipokei", na mstari mmoja wa sababu, au 450 kama unataka ajaribu tena baadaye. Namba hizo hazilipiwi. Anayejibu 250 kisha akaitupa barua kadanganya, hakuna jina jingine. (Najua atatokea wa kusema kwamba taarifa za kushindikana huwaangukia watu ambao anwani zao zimeghushiwa na watuma taka. Kweli kabisa. Ndiyo maana nimesema mlangoni.)

Kwenye kikundi chetu cha kujitolea, mwenzetu mmoja alituma hoja ya kupinga pendekezo kabla ya kura. Haikufika. Tukapiga kura tukidhani kanyamaza kwa dharau, na wapo waliomnunia. Yeye naye akaamini tumempuuza kusudi. Kuja kuchimba, anwani ya IP (namba inayoitambulisha seva mtandaoni) ya seva anayotumia inatumiwa na watu chungu nzima, mmoja wao katuma taka, anwani nzima ikaingizwa kwenye orodha nyeusi, yaani orodha ya anwani zinazozuiwa kwa kutuma taka. Samaki mmoja akioza wote wameoza. Orodha ipi? Tangu lini? Nani wa kuombwa aitoe? Hakuna aliyejua, maana aliyeweka mipangilio alishaondoka na hakuandika popote.

Orodha hizi si ngeni. Mhandisi wa intaneti Paul Vixie alianzisha ya kwanza 1997, na Spamhaus, shirika la kupambana na spamu lenye orodha zake, lilianzishwa 1998. Zipo zinazokuonyesha kama anwani yako imo na njia ya kuomba itolewe. Zipo nyingine ambazo hazijibu mtu. Kuchagua ipi itumike kunamgusa kila mwanachama, sasa kwa nini kuamuliwe na mtu mmoja peke yake bila hata tangazo?

Na msiniambie "tukitaja kanuni, watuma taka watazikwepa". SpamAssassin ni programu huria ya kuchuja spamu. Kanuni zake na alama inazoipa barua inayofanana na taka ziko wazi kwa zaidi ya miaka 20, kiwango chake cha kawaida cha kukamata ni alama 5, anayetaka asome. Bado inakamata. Mtuma taka hasubiri tangazo lako: anafungua akaunti, anajitumia barua, anaona ipi imepita. Anayebaki gizani ni mwanachama.

Mnakumbuka Aprili 2014? Yahoo walikaza sera yao ya DMARC, inayowaambia watoa huduma wengine waifanye nini barua isiyothibitika kwamba kweli imetoka Yahoo. Vikundi vingi huongeza jina la kikundi kwenye kichwa cha barua na maelezo chini yake, na hapo saini ya kidijitali inayothibitisha mtumaji inaharibika. Barua za wenye anwani za Yahoo zikaanza kukataliwa na watoa huduma wengine. Kibaya zaidi, programu za vikundi zikahesabu hizo barua zilizokataliwa na kuwasimamisha waliopaswa kuzipokea, watu ambao hawakuwa na kosa lolote wala hawakuambiwa neno.

Ninachodai si kikubwa. Tajeni orodha nyeusi mnazotumia na nani mwenye mamlaka ya kuzibadilisha. Anwani ya postmaster, yaani ya msimamizi wa barua wa seva, ambayo itifaki yenyewe inailazimisha iwepo, isomwe na binadamu. Barua yenye shaka iwekwe karantini, isifutwe. Na mara kwa mara mtuambie ngapi zimezuiwa na ngapi kati ya hizo zilizuiwa kimakosa, hata kama takwimu zitawaaibisha.

Wasimamizi mliomo humu, kabla hamjaanza kunifundisha ubaya wa spamu, nijibuni hili kwanza: barua yangu ikizuiwa leo, nitajuaje?