Naomba ushauri: safari ya masomo ya majira ya baridi na mtoto wa miaka minane

Mama_Nuru:
Ndugu wanajukwaa, natumaini hamjambo. Mwishoni mwa Desemba nitasafiri na binti yangu kwenda kaskazini mwa Mzingo wa Aktiki, katika safari ya masomo ya wazazi na watoto. Watajifunza jinsi ziwa linavyoganda, watachunguza chembe za theluji kwa kioo cha kukuzia, na watapima kivuli cha jua saa sita mchana. Hatujazoea baridi ya namna hiyo na usingizi umeanza kunipaa. Nimfungashie nguo gani, na nimfundishe nini kabla ya kuondoka?

Kipimajoto:
Nguo ya ndani iwe ya sufu au ya nyuzi zinazokauka haraka, isiwe ya pamba, kwa maana pamba ikilowa jasho hukaa na unyevu na kumwibia mtoto joto. Juu yake avae sweta nene, kisha koti lisilopitisha upepo. Ukishamvalisha soksi na buti, mwambie achezeshe vidole vya miguu. Akishindwa, buti hilo ni dogo, na soksi ya pili itazidi kumbana na kuzuia damu isifike vidoleni.

Mwalimu_Mstaafu:
Mimi nitajibu la masomo, maana nguo zitanunuliwa lakini udadisi haununuliwi. Kabla hamjaondoka, muulize kwa nini samaki hawafi ziwa linapoganda, naye aandike jibu lake kabla hujamweleza lolote. Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzijoto 4 hivi. Yakipoa kupita hapo huwa mepesi na kubaki juu, ndiyo maana barafu huanzia juu na samaki huendelea kuishi chini yake. Mpe penseli, kwa sababu wino wa kalamu huganda. Chembe za theluji azidake kwa kitambaa cheusi kilichoachwa nje kikapoa, la sivyo zitayeyuka kabla hajahesabu pembe zake sita. Wilson Bentley, mkulima wa Vermont aliyefanikiwa kupiga picha ya chembe moja mwaka 1885, naye alizidakia kwenye ubao mweusi.

Baba_Watatu:
Kwa heshima zote, dada yangu, likizo ni ya mtoto kupumzika. Mpwa wangu alipelekwa safari za masomo kila likizo mpaka akachukia hata kufungua daftari. Tujiulize kama tunawasafirisha watoto kwa faida yao au kwa fahari yetu.

Muuguzi_Zamu:
Mleta mada, wasiwasi wako unaonekana kupita suala la makoti. Afya ya mtoto ikoje?

Mama_Nuru:
Ana pumu. Sikuitaja kwa sababu hajabanwa kifua kwa muda mrefu, na nauli imeshalipwa yote wala hairudishwi. Daktari wake sijamuuliza, kwani nahofia atanikatalia, ilhali binti ameshawaaga rafiki zake. Inhela, kile kikopo cha kuvutia dawa ya pumu, anayo, na mimi nitakuwa naye muda wote.

Muuguzi_Zamu:
Hilo ndilo lililopaswa kutangulia. Hewa ya baridi ni kavu, na mtoto akikimbia akihema kwa mdomo, njia zake za hewa hukauka na kusinyaa. Anaweza kubanwa hata kama nyumbani amekaa salama muda mrefu. Wengi wenye pumu husafiri kwenye baridi, lakini huenda na mpango ulioandikwa na daktari: dawa ipi atumie kabla ya kucheza nje, dalili zipi ni za hatari, na afanyeje zikitokea. Bima ya safari nayo itajwe pumu waziwazi, maana ugonjwa uliofichwa unaweza kuifanya ikatae kulipa.

Mchunguzi:
Ndugu zangu, mnamjibu mtu ambaye huenda hana safari. Mji kama Tromsø, kaskazini mwa Norwe, hauoni jua tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Kivuli cha saa sita mchana kitapimwaje mwishoni mwa Desemba? Kwanza kivuli, sasa pumu imezuka katikati ya uzi. Naona hadithi ya kutunga.

Mama_Nuru:
Kivuli kitapimwa tutakapolala njiani, mbali kusini, kisha watoto walinganishe na huko mbele ambako mchana ni mwanga hafifu tu. Nilifupisha ratiba. Kuhusu mwanangu sina sababu ya kutunga.

Mwalimu_Mstaafu:
Maelezo hayo yananitosha, na zoezi lenyewe ni zuri: mhimili wa dunia umeinama takriban nyuzi 23.4, na mtoto ataliona hilo kwa macho yake badala ya kulikariri.

Muuguzi_Zamu:
Turudi kwa mtoto. Daktari utamwona lini?

Mama_Nuru:
Nimepiga simu leo na nimepangiwa wiki ijayo. Akikataa tutabaki, ingawa itaniuma. Akiruhusu, inhela niiweke wapi tukiwa nje?

Muuguzi_Zamu:
Mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, kwa sababu kopo likipoa sana huenda lisitoe dozi kamili. Nyingine ya akiba iwe kwenye begi la mkononi, wala isiingie kwenye mzigo wa ndege. Mfunike pua na mdomo kwa skafu ili hewa ipate joto kabla ya kuingia, na kiongozi wa msafara ajue kuitumia hiyo inhela kama unavyojua wewe.