Rotary: tunaapisha wapya, miezi mitatu hawaonekani

Muulizaji: Wakuu, klabu yetu ya Rotary (hizi klabu za kujitolea kuhudumia jamii) ina majina 24 kwenye orodha, mkutanoni wanafika 11. Wapya wanaapishwa, wanapigwa picha na pini kifuani, kisha kimya. Tunakosea wapi?

Jibu 1: Mnaapisha mapema mno. Mgeni aje mikutano mitatu na mradi mmoja kwanza, ndipo apewe fomu. Pamoja na fomu, mpeni karatasi ya gharama zote: ada, chakula cha mkutano, michango ya miradi. Ada haimkimbizi mtu aliyeambiwa mapema. Kinachomkimbiza ni michango ya ghafla inayotangazwa mbele ya meza nzima. Akishaapishwa apate mlezi, na ndani ya wiki mbili apewe kazi yenye tarehe. "Mjumbe wa kamati" si kazi. Kuandikisha wagonjwa mlangoni kwenye kambi ya macho Jumamosi, hiyo ni kazi.

Jibu 2: Naongezea la mweka hazina. Ankara ya makao makuu hufuata idadi iliyo kwenye orodha tarehe 1 Julai na 1 Januari, kwa hiyo hao 13 mnawalipia bure. Safisheni orodha kabla ya hapo, ila mpigieni kila mmoja kwanza. Na mtu akikosa mikutano miwili mfululizo, mlezi apige simu. Kumuuliza kwenye grupu la WhatsApp ni kumwaibisha tu.

Jibu 3: Vijana msiwalazimishe chakula cha hotelini, chai inatosha. Au waanzishieni Rotaract, yaani klabu ya vijana ya Rotary, ni kuanzia miaka 18.

Muulizaji: Karatasi ya gharama hatuna kabisa. Tunaanzia hapo.