Mkungu wa jirani unamwaga majani kwenye gata letu, nimwambieje mzee wa watu bila kuharibu ujirani?

mama_pacha:
Habarini za jioni wapendwa, naomba ushauri maana hili jambo linaninyima usingizi na sitaki kulifanya kwa hasira. Sisi tuko Kigamboni, tumehamia kwenye nyumba yetu huu mwaka wa pili, na wanaokaa huku wanajua maji ya kisima yalivyo chumvi, sabuni haitoi povu, chai haina ladha, kwaiyo tulijibana tukafunga gata nyumba nzima na simtanki la lita 5,000 tuwe tunavuna maji ya mvua.

Sasa jirani wa upande wa kulia ni mzee mstaafu, ana mkungu mkubwa sana karibu na ukuta na matawi matatu yamekuja mpaka juu ya bati letu. Kipindi hiki majani yanageuka mekundu yanadondoka yote, yanajaa kwenye gata yanaoza humo humo, mvua ikinyesha hata kidogo maji yanayoingia tankini yana rangi ya chai kabisa. Nguo nyeupe za shule za watoto zimeshika rangi. Usiku popo wanakuja kula kungu, kokwa zinaanguka juu ya bati pa! pa! mapacha wanaamka wanalia. Alafu kila Jumamosi asubuhi mzee anafagia uwanja wake vizuri sana, anakusanya majani pembeni ya ukuta chini ya dirisha letu la chumbani anachoma, moshi wote ndani na nguo nimeshaanika.

Tatizo ni kwamba hawa watu ni wema. Siku tunahamia mke wake alituletea uji wa mchele na maandazi, na chini ya huo mkungu ndo anapowasomesha watoto wa mtaa chuo (madrasa) kila jioni, na wangu wakifika miaka minne nataka wasome hapo hapo. Mume wangu ameshachoka, anasema atamleta mtu wa chenso siku mzee hayupo akate yote yaliyovuka. Shemeji yangu ndo kabisa, anasema tumwage oili chafu kwenye mizizi taratibu ukauke wenyewe. Mimi nimekataa. Ila kumkabili mzee wa miaka sabini nimwambie mti wako unatukera, mdomo unakuwa mzito, kila siku naishia shikamoo baba, marahaba, basi. Nianzie wapi?

fundi_bustani:
Dada kwanza asante kwa kukataa hiyo ya oili chafu, kazi yangu ni miti na bustani na nimeitwa mara nyingi kuangusha miti iliyotiliwa oili au chumvi na mtu wa jirani, na mkungu ukikaukia karibu na nyumba yako tawi litakalovunjika kwa upepo litaanguka juu ya bati lako wewe. Na ile oili haibaki kwa mzee tu, inashuka ardhini na nyie huko mna visima.

Kuhusu mti wenyewe, mkungu ndivyo ulivyo, unapukutisha majani karibu yote kipindi cha kiangazi, mara moja au mara mbili kwa mwaka, unachipua tena, kwaiyo mzee hajafanya uzembe wowote. Hiyo rangi ya chai inatoka kwenye majani yenyewe, wafugaji wa samaki wa mapambo wanayatafuta makusudi wayaloweke majini. Ila kwa maji ya kufulia nakuelewa kabisa.

Matawi ya mkungu yanatoka kwa ngazi, kama ghorofa, ukiondoa ngazi moja au mbili za upande wenu mti haudhuriki na kivuli cha chuo kinabaki. Muda mzuri ni saivi kabla masika hayajaanza, mwezi wa tatu ukiingia na mvua mtu hapandi mti unaoteleza. Msikubali mtu apige panga tu katikati ya tawi, kinabaki kisiki kinaoza na uozo unaingia shinani. Fundi anayejua anakata kidogo kwa chini kwanza ili gome lisichanike, kisha anapunguza uzito wa tawi vipande vipande kwa kamba, mwisho anamalizia pale penye uvimbe tawi linapotokea, bila kuukwangua ule uvimbe. Kwa mara moja msiondoe zaidi ya robo ya mti. Na kama kuna waya wa umeme karibu toeni taarifa TANESCO kwanza wazime, hapo usimsikilize fundi anayekwambia ataangalia tu.

chuma_cha_pua:
Mnazunguka sana. Nenda serikali ya mtaa, mwenyekiti anaandika barua ya wito, mzee anakuja anaelezwa anakata. Kero ni kero, uzee sio ruhusa ya kuwavutisha watoto moshi.

mwanasheria_wa_kijiweni:
Chuma hapo juu, moshi una haki ya kuulalamikia, lakini barua ya wito kwa mtu ambaye hujawahi kumwambia hata mara moja, unajua inafikaje kwake? Mgambo anagonga geti mbele ya wanafunzi wa mke wake.

Dada nikupe msimamo wa sheria ili ujue uko wapi, ila usiende nao kwa mzee. Sheria za kiingereza tulizorithi tangu enzi za Tanganyika zina msingi wa siku nyingi, kuna kesi ya Lemmon na Webb iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1894, kwamba tawi likivuka mpaka unaweza kulikata mwisho kwenye mpaka wako, bila kuingia kwa mwenzio, lakini matunda na kuni ni mali ya mwenye mti. Kwaiyo hao wa chenso wakivuka ukuta hata hatua moja, au wakikata mpaka shinani, mume wako ndo anakuwa mkosaji. Na oili chafu ni jinai kabisa, kuharibu mali ya mtu kwa makusudi, kifungu cha 326 cha Kanuni ya Adhabu, mwambie shemeji.

Mkifikia kushindwana kuhusu mpaka au ardhi yenyewe, mnaanzia baraza la kata, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 baraza la kata halihukumu tena migogoro ya ardhi, kazi yake ni kuwasuluhisha tu, likishindwa ndani ya siku 30 ndo mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Yaani hata serikali ikikushika mkono kitu cha kwanza itakachofanya ni kuwakalisha chini muongee. Sasa si uende ukaongee mwenyewe bila nauli.

Kamau_wa_Nakuru:
Mimi ni wa Kenya lakini hii story imenigusa. Fens yetu ni ya kaiyaba, ile yenye miiba mirefu, na ya jirani pia, yake ilikuwa imemea mpaka ikafunga nusu ya njia ya kupitia watoto wakienda shule. Mimi nikaona niwe mstaarabu nisigombane, nikapiga picha nikaweka kwa grupu ya WhatsApp ya mtaa, nikaandika tu tafadhali wenye fens tuwe tunapunguza. Sikutaja jina. Lakini fens si kila mtu anaijua ni ya nani? Watu wakaanza kucomment, mmoja akaweka emoji za kucheka, huyo mzee akatoka kwa grupu usiku huo huo. Miaka miwili hatukusalimiana. Fens alikata, ndiyo, alikata siku iliyofuata, lakini mama yangu alipoaga dunia, ile nyumba ya karibu kabisa ndiyo haikuleta mtu matanga, na iliniuma kuliko miiba.

Nilimwendea baadaye nikamwomba msamaha. Akaniambia kitu kimoja tu, ungenibishia mlango. Kwa hivyo wewe usiandike popote, usitume mtoto, usiongee juu ya ukuta. Bisha mlango.

bi_mtanga:
Mwanangu mama pacha, mimi ni mtu mzima, nimekaa barabara moja Tanga miaka thelathini na kitu, miti na kuku na maji machafu vyote nimeshagombania na vyote nimeshasuluhisha, nisikilize.

Usianze na mzee, anza na mkewe. Yule aliyekuletea uji ndo mlango wako. Nenda alasiri, watoto wa chuo wakishaondoka, siku isiyokuwa ya Ijumaa wala siku yenye moshi maana utakuwa na hasira usoni. Usiende mikono mitupu, pika kitu chochote hata visheti, sahani ile ya uji siku ile uliirudisha na nini? Kaa, salimia, uliza afya, uliza watoto walioko mbali, usikimbilie shida. Kisha mwambie, bimkubwa nimekuja kukuombeni ushauri nyinyi wazee wangu, maji yetu ya tanki yamebadilika rangi sijui nifanyeje, naomba baba aje ayaone. Usitaje mti. Mzee akija akiona gata atautaja mwenyewe, na akiutaja mwenyewe hajasemwa.

Na mumeo aende na wewe lakini akae kimya mwanzoni, akishindwa kukaa kimya abaki nyumbani. Mkubaliane mapema kwamba gharama ya fundi mnachangia au mnalipa yote, mstaafu usimbebeshe gharama ya kitu ambacho yeye hakimsumbui. La mwisho, muulize na yeye, sisi tunakukera wapi baba? Uliza kweli, na umsubiri ajibu.

mama_pacha:
Bi mtanga hilo la sahani limenichoma, niliirudisha tupu kwa sababu tulikuwa kwenye kuhama na sikuwahi kufikiria tena. Nimesoma zote, mume wangu nae nimemsomea, ya kesi akanyamaza. Tunaenda Jumapili.

mama_pacha (mrejesho):
Wapendwa nimerudi, samahani kwa kuchelewa mapacha walikuwa na homa. Tulienda. Nilipika visheti na mkate wa kumimina, bimkubwa akafurahi mpaka akamwita mzee kutoka uani. Nikasema kama alivyonifundisha bi mtanga, maji yamebadilika rangi tunaomba baba aje aone. Akaja na fimbo yake, nikamchotea kwenye glasi. Akaiangalia ile glasi muda mrefu bila kusema kitu, akaangalia juu, akasema "haya ni majani ya mkungu wangu." Kisha akauliza kwa nini hatukumwambia miaka miwili yote hii, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa kama ameumia, na mimi nikakosa jibu.

Sasa sikilizeni. Mume wangu akamuuliza na sisi tunawakera wapi. Mzee akasita, mkewe akamwambia sema. Kumbe kona ile ya nyuma gata letu limeishia bila bomba la kushusha maji, mvua kubwa ikija maji yote yanamwagika chini ya ukuta wake, udongo umeliwa mpaka msingi unaonekana na kuna ufa. Alikuwa anajaza kifusi kwa toroli mwenyewe kila masika yakiisha. Miaka sabini na mbili. Hakuwahi kusema kwa sababu sisi ni vijana tuna watoto wadogo akaona tunajitafuta. Mume wangu alienda kuangalia akarudi amebadilika sura, kesho yake asubuhi kabla ya kazi alishanunua mabomba, Jumamosi akafunga na kwenye ule ufa ameleta fundi wa uashi kwa gharama yetu.

Matawi wamekata mawili, lile la tatu mzee mwenyewe alikuwa tayari likatwe lakini ndo linalowapa watoto kivuli saa kumi, tukasema libaki. Fundi alitaka elfu 80, mzee akakataa katakata tulipe yote, tukagawana nusu kwa nusu, na kuni kachukua yeye. Moshi nao niliusema lakini kwa bimkubwa, tulipokuwa wawili jikoni. Saivi kuna shimo upande wa migomba yake majani yote yanaingia humo yaoze yawe mboji, na nikifagia kwangu napeleka huko huko. Popo bado wapo, hao sijui, labda watapungua upande wetu.

Swali langu la mwisho, lile tawi lililobaki bado linamwaga majani kidogo kwenye gata, naweka kitu gani juu?

fundi_bustani:
Hongereni sana. Weka wavu mgumu wa matundu madogo, ule wanaotengenezea madirisha ya mabanda ya vifaranga, ukunje uwe na mgongo kidogo ili majani yateleze yasikae juu. Na kwenye bomba la kuingia tankini weka njia ya kugeuza, mvua za kwanza zimwagike nje mpaka bati lisafishike, ndo ufungulie tanki. Lakini usiache kupanda kusafisha kila baada ya wiki moja hivi, maji yakituama kwenye gata mbu wa dengi wanazaliana humo, na Dar tulishaona mwaka 2019 ilivyokuwa.

bi_mtanga:
Homa ya watoto imeshuka?

mama_pacha:
Imeshuka mama, shukrani. Leo wako huko chini ya mkungu, bimkubwa anawafundisha alif.