Anzeni mstari wa nne

Kikundi: FAMILIA YA GUNGU NA WAKWE
Kigoma, Julai 2024

JUMATANO USIKU

Mama Neema: Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nimebeba hili tangu asubuhi, acha niliseme. Leo Baba Neema amekataa mazoezi, yale ya kiharusi. Mtaalamu wa viungo kaja, yeye kageukia ukutani. Alipoondoka akaniambia, "Mama Neema, mimi niko hai kwa kazi gani? Kasia siwezi, wavu siwezi, hata kijiko unanishikia wewe. Mungu angenichukua siku ile ile nilipoanguka." Nimetoka nje nikalia. Jibu la kumpa sina.

Neema (Tabora): Mama jamani. Mbona hukunipigia?

Mama Neema: Una mitihani mwanangu.

Mjomba (Dar): Pole sana dada. Mwambie shemeji ashike Yeremia 29:11. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Hilo ni lake! Mwaka huu hauishi atakuwa anatembea, nakiri kwa jina la Yesu.

Shangazi Kasulu: Amina. Wifi pole mno. Na chakula mnaendaje? Maana ziwa nalo limefungwa.

Mama Neema: Tunaenda wifi. Tangu tarehe 15 Mei chanja za kuanikia dagaa hazina kitu, na mpaka tarehe 15 Agosti ndipo wafungue. Dagaa niliokuwa nimeweka nimeuza kidogo kidogo, sasa nachoma maandazi alfajiri. Hatujalala njaa. Kufunga ni sawa, samaki wazaliane, maana tulikuwa tunaanika vitoto. Kinachonitesa si tumbo, ni yeye. Wavuvi wenzake wote wako nyumbani siku hizi, wanapita kumjulia hali, wanakaa barazani wanahesabu siku zilizobaki. Yeye hana cha kuhesabu. Alishazoea kusubiri, mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, anakaa mpaka giza lirudi ndipo anaingia tena kazini. Hili halina tarehe.

Mjomba (Dar): Ujumbe huu umefutwa

Mama Neema: Kaka nimeuona kabla hujafuta. Hata mtu aliyekuja kumwombea mwezi uliopita alisema hivyo hivyo, tutafute mlango tuliomfungulia adui. Tangu siku ile Baba Neema anachambua makosa yake yote ya ujana. Usiku ananiamsha, "Au ni lile?"

Ba'mdogo Katonga: Tumsifu Yesu Kristo. Nilikuwa kwenye jumuiya, ndiyo nafungua simu sasa. Shemeji pole. Naomba niseme kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Ba'mdogo Katonga: La mlango wa adui tuliache leo leo. Kaka alikuwa na presha. Alikuwa akienda ziwani anaacha dawa nyumbani, tunajua wote, na daktari alisema wazi kwamba mshipa wa kichwani umepata shida kwa ajili hiyo. Sababu ipo, haihitaji kutafutwa kwenye dhambi za mwaka arobaini na saba. Yohana 9, wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu wanamuuliza Bwana, nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake? Akawaambia si huyu wala wazazi wake, "bali kazi za Mungu zidhihirishwe ndani yake." Wao wanachimba ya nyuma, Bwana anaangalia kitakachofanyika kwa mtu huyu kuanzia hapo alipo. Na alifanya kwa mikono, alitema mate akatengeneza tope.

Ba'mdogo Katonga: Sasa Yeremia. Mstari wa 11 naupenda sana, lakini tukiukata peke yake tunamuumiza mgonjwa. Anzeni mstari wa nne. Ile ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia watu waliobebwa na Nebukadreza wakapelekwa Babeli. Geuzeni ukurasa mmoja nyuma, sura ya 28, mtamkuta nabii Hanania anatangaza hekaluni kwamba miaka miwili tu, kila kitu kitarudi. Maneno matamu hayo. Yeremia anaandika miaka 70 (mst. 10). Watu wazima wengi walioisikia ile barua ikisomwa hawakuiona Yerusalemu tena. Na hao hao ndio wanaoambiwa "mawazo ya amani". Kwa hiyo amani ile haikuwa tarehe ya kurudi tu.

Mjomba (Dar): Mh. Endelea shemeji.

Ba'mdogo Katonga: Mistari ya 5 mpaka 7 wanapewa kazi. Jengeni nyumba mkae ndani yake, pandeni bustani mle matunda yake, ozeni watoto, uombeeni mji mliomo. Mji wa adui! Mungu anawapa shughuli pale pale penye uchungu. Tumaini linakuja mstari wa 11, baada ya jembe.

Shangazi Kasulu: Hapo kaka umenigusa. Mimi huku mnajua nauza vitenge, siku za gulio nakwenda Makere, jirani na kambi ya Nyarugusu. Ile kambi ipo tangu 1996. Kuna mama wa Kivu ya Kusini nimefahamiana naye, alikuja binti, leo ana wajukuu. Aliniambia miaka ya mwanzo alikuwa hafungui mizigo, kila kukicha "wiki ijayo tunarudi". Hapandi hata mchicha. Mchungaji wao akamsomea barua hiyo hiyo. Akalia siku nzima, akasema Mungu amemwambia hatarudi. Kesho yake akaomba jembe kwa jirani. Sasa hivi yeye ndiye anayewapokea wanawake wapya wanaoletwa, anakaa nao usiku wa kwanza, ule mbaya. Bado anaombea arudi kwao. Ila hakai kwenye mzigo tena.

Mjomba (Dar): Kwa hiyo tusiombe uponyaji? Maana mimi siwezi kuacha kuomba, huyo ni shemeji yangu.

Ba'mdogo Katonga: Tuombe! Mimi naomba kila asubuhi mkono wa kulia ufunguke. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe akajibiwa "Neema yangu yakutosha" (2 Kor 12). Hakukemewa kwa kuomba. Tuombe miguu, lakini tusimwambie kaka kwamba maisha yake yamesimama mpaka miguu irudi. Ndicho anachokisikia kila tunapomwambia "utapona tu".

Neema (Tabora): Naomba na mimi niseme. Hapa chuoni tumefundishwa kwamba wagonjwa wengi wa kiharusi hupata sonona. Ni ugonjwa, una dawa na una ushauri. Mama, kliniki ijayo mwambieni daktari maneno yale yale aliyoyasema baba, msiyapunguze. Na tafadhali asikae peke yake muda mrefu siku hizi. Naogopa watu watasema amepungukiwa imani.

Ba'mdogo Katonga: Asante binti yangu, fanyeni hivyo hivyo. Anayesema amepungukiwa imani afungue 1 Wafalme 19. Nabii Eliya chini ya mti wa mretemu anamwambia Mungu "yatosha", anaomba afe. Hakuhubiriwa. Malaika alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena. Baada ya safari na mapumziko ndipo akapewa kazi, na mmoja wa aliotumwa kuwatia mafuta ni Elisha, mrithi wake. Mtu aliyedhani amekwisha alikuwa bado ana mtu wa kumlea.

Neema (Tabora): Swali langu ndilo hilo ba'mdogo. Baba atapanda bustani gani na mkono mmoja?

ALHAMISI ASUBUHI

Bibi: 🎤 4:52

Neema (Tabora): Nimeandika sauti ya bibi kwa ajili ya wasio na bando. Anasema:

"Wanangu, nimesomewa yote. Mkwe wangu, Mungu akutie nguvu, unambeba mtoto wangu. Mimi nilibatizwa Karema, huko kusini mwa ziwa, mnajua. Nikiwa mdogo alikuwepo mzee sana, Daktari Adrian Atiman. Alikuwa daktari na katekista. Mtu huyo hakuzaliwa huku. Alizaliwa mbali, upande wa mto Niger, akaibwa angali mtoto, akavushwa jangwa, akauzwa. Mapadri Weupe, wale wamisionari, wakamkomboa kule Algeria, akapelekwa Malta kusomea udaktari, akaletwa Karema mwaka 1889. Akatibu watu wa ziwa hili mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabuni wenyewe. Maisha yake aliyamalizia hapa, mbali na kwao.

Nani alimteka? Watu. Msimsingizie Mungu. Kazi ya Mungu ilianza pale watu walipomaliza kumharibu. Na pale Karema walikuwepo watoto waliokombolewa utumwani, hii njia ya Ujiji ilipitisha wengi mno. Mtoto wa namna ile akiamka usiku anapiga kelele, unadhani alimhitaji nani? Mtu aliyekuwa ameuzwa kama yeye. Mwambieni mwanangu, mama yake amesema anisikilize. Asiulize ameachwa kwa kazi gani kana kwamba kazi ni wavu peke yake."

Shangazi Kasulu: Mama 😭 Mungu akuweke.

Mjomba (Dar): Shikamoo mama. Nimelisikiliza mara mbili. 2 Wakorintho 1:4 hiyo, Mungu anatufariji katika dhiki zetu ili nasi tuwafariji walio katika dhiki za namna zote. Sikuwahi kuisoma kwa mtu wa Karema.

Ba'mdogo Katonga: Basi nitoe jambo nililokuwa nalo tangu wiki iliyopita. Hapa Katonga kuna kijana wa bodaboda alipata ajali, amekatwa mguu juu ya goti. Hatoki ndani. Mama yake ameniomba nikamtembelee, nimekwenda, ananisikiliza kwa adabu, anaitikia "ndiyo katekista". Nimwambie nini mimi mwenye miguu miwili? Nataka nimlete kwa kaka. Kaka asihubiri. Wakae tu. Ulimi wake umerudi vizuri, anaongea taratibu lakini anaeleweka.

Ba'mdogo Katonga: Na kuna hili. Kipindi hiki wenye vipe, vile vyombo vya kuvulia dagaa, wote wanashona nyavu wawe tayari kwa Agosti, na wanaojua kushona vizuri ni wachache. Vijana wanafunga mafundo tu, wavu ukiingia majini unavuta upande. Mwenye kipe mmoja hapa amenieleza ana wavu umeraruka vibaya, yuko tayari kulipa. Kaka ndiye aliyewafundisha nusu ya watu wa Kibirizi. Kijana ana mikono yote miwili.

Mama Neema: Shemeji wazo limeniingia. Ila naogopa. Akijua tumepanga kumtafutia "kazi ya mgonjwa" atakasirika.

Shangazi Kasulu: Usifiche wifi. Mpe simu asikilize sauti ya mama, halafu umsomee ya kaka kama yalivyo. Yeye ni mtu mzima, achague.

Bibi: 🎤 0:09

Neema (Tabora): Bibi anasema "Asibembelezwe. Aulizwe."

IJUMAA ASUBUHI

Baba Neema: 🎤 1:37

Neema (Tabora): Nimeandika sauti ya baba. Anaongea pole pole, nimeacha kama alivyosema:

"Habari zenu. Shikamoo mama. Nimekusikia. Habari za miaka 70 sizipendi, nawaambia ukweli. Nataka kupona. Wala sijaelewa kwa nini mimi. Lakini huyo kijana mleteni. Ninajua anachokiona usiku watu wakishalala, na najua hawezi kumwambia mama yake. Huo wavu umechanika wapi, pembeni au tumboni? Kama ni tumboni aje na uzi wa kutosha. Na asije mtu mwingine kunitazama. Yeye na wavu."

Shangazi Kasulu: Asante Yesu.

Mjomba (Dar): Shemeji nimekusikia. Sitakwambia tena ni lini. Nitaomba tu, na uzi nanunua mimi. Dada nimetuma hela kwenye namba yako, angalia.

Mama Neema: Imefika kaka, ubarikiwe. Nimempa simu asikilize saa tatu usiku, akanyamaza. Nikalala. Saa nane akaniamsha, nikadhani ni yale ya "au ni lile". Akaniuliza huyo kijana anaitwa nani.

Neema (Tabora): Mama na ya kliniki usisahau. Hili haliondoi lile.

Mama Neema: Jumanne nampeleka mwanangu. Nitamwambia daktari yote.

Ba'mdogo Katonga: Umechanika tumboni, kaka, mkono mzima unapita. Jumamosi saa nne nawaleta wote wawili kwa bajaji, kijana na wavu, mimi nitawashusha niendelee na shughuli zangu. Nitarudi kumchukua jioni.

Mama Neema: Karibuni. Bado nina dagaa wa mwisho, wa kabla ziwa halijafungwa, nitawapikia na ugali. Shemeji, ukija chukua na ile Biblia ya maandishi makubwa ya kanisani kama wanaazimisha. Ya kwetu ndogo inajifunga, hawezi kuishika kwa mkono mmoja. Anasema mmemsomea vipande vipande, anataka barua yote.

Ba'mdogo Katonga: Wanaazimisha. Naileta.