Mrejesho: Nati za tairi kulegea

Wakuu, niliuliza kwa nini nati za tairi la mbele zinalegea kila nikitoka Mbeya kwenda Makambako. Asanteni sana, tatizo limekwisha. Fundi wa Uyole alisugua kutu pale rimu inapokaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu), akaanzisha nati kwa mkono, kisha akakaza kwa kuvuka upande wa pili, siyo kwa kuzunguka. Mkazo wa mwisho gari likiwa limeshuka jeki: nyutonimita 103 (kipimo cha nguvu ya kukaza), kama kitabu cha Corolla yangu kinavyotaka. Grisi kwenye nyuzi za boliti alikataa kabisa. Njiani, pale Chimala, nikasimama kukagua nati, hakuna iliyosogea. Kwenye buti sasa kuna spea yenye upepo, kibao cha kukalia jeki, kigingi cha kuzuia tairi na tochi. Ukungu wa huku mnaujua.