Bibi Anakuja Hua Hin

Kikundi: UKOO WA NGAMIANI

Nasra: Shikamoo Bibi

Bibi: Marahaba mjukuu wangu. Mmeamkaje?

Nasra: Salama Bibi. Huku Thailand saa sita mchana saa hizi, tumewapita saa nne

Mama Nasra: [picha] Mama, hawa ndio vibua niliokuwa nakwambia. Wenyewe wanawaita pla thu. Wanapikwa kwa mvuke, wanauzwa hivyo hivyo kwenye vikapu vya mianzi.

Bibi: Mbona wamevunjwa shingo?

Mama Nasra: Ili watoshe kikapuni. Nikifika nyumbani nawakaanga kidogo, nawatia kwenye tui na ukwaju. Baba Nasra hasemi neno mpaka sahani iishe 😄

Baba Nasra: Shikamoo mama. Ni kweli kabisa.

Bibi: Marahaba baba. Nazi je, mnapata?

Mama Nasra: Tele. Mkoa huu wa Prachuap Khiri Khan ni wa minazi na mananasi. Sokoni nazi inakunwa kwa mashine, tui linakamuliwa mbele ya macho yako.

Bibi: Tui la mashine silitaki. Nakuja na mbuzi wangu.

Mama Nasra: Njoo naye mama. Tena tupange leo leo. Njoo Januari. Aprili jua ni kali mno, halafu tarehe 13 mpaka 15 ni Songkran, mwaka mpya wao, mtu haendi dukani bila kumwagiwa maji. Oktoba na Novemba mvua. Januari upepo mzuri, jioni tunatembea ufukweni.

Nasra: Kuna farasi ufukweni Bibi! Na nyani wa kwenye kilima cha Khao Takiab, ukishika mfuko wa plastiki wanakunyang'anya

Bibi: Wasinijue kabisa hao.

Mjomba Maskati: Dada apitie kwangu, apumzike siku mbili ndipo aendelee. Karatasi gani zinatakiwa?

Mama Nasra: Shikamoo mjomba. Viza anaomba mtandaoni kabla ya kusafiri. Kadi ya homa ya manjano lazima, wanaotoka kwetu wanaulizwa. Na fomu ya kuingia inajazwa mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Fomu hiyo ni bure, kuna tovuti za matapeli zinazolipisha, kwa hiyo nitamjazia mimi. Akitua Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, kuna basi la moja kwa moja mpaka Hua Hin, ila tutakuja kumpokea.

Baba Nasra: Na mwenye nyumba ataripoti uhamiaji ndani ya saa 24 kuwa ana mgeni.

Bibi: Nalala kwa mwanangu, serikali inahusu nini?

Mama Nasra: Ndiyo utaratibu mama. Hata sisi kila siku 90 tunaripoti kwamba bado tupo pale pale. Na tukitaka kuja Tanga, kwanza tunalipia ruhusa ya kurudi, baht 1,000 kila mtu. Ukitoka bila hiyo, kibali cha kukaa kimekufa.

Bibi: Na kula? Nyama yao naiogopa.

Mama Nasra: Usiogope. Bidhaa nyingi za dukani zina alama ya halali, na wapo Waislamu wanaouza khao mok, pilau ya kuku ya manjano. Vyakula vya barabarani ndivyo naviuliza kwanza, maana mafuta ya nguruwe yanaingia mpaka kwenye mboga.

Ma'mdogo: Dada, na mimi nije na mama. Watalii wa huko wanapenda kusukwa. Mikono yangu unaijua.

Mama Nasra: Mikono yako naijua mdogo wangu, na kutembea karibu sana. Lakini kusuka na kunyoa ni kazi za Wathai peke yao kisheria. Mgeni hata aombe kibali hapewi. Wapo wanaosukana kwa kificho, na siku wakishikwa ni faini na kurudishwa kwao.

Ma'mdogo: Kwani wewe unafanya nini huko?

Mama Nasra: Sifanyi kazi. Niko kwa kibali cha mume wangu, na yeye yuko kwa kibali cha shule anakofanya kazi. Shule ikimwachisha, wote watatu tunafunga mizigo. Nilikuwa nafundisha chekechea, unajua nilivyoipenda ile kazi. Inaniuma. Ndiyo maana sitaki nikuite kwa maneno matamu.

Ma'mdogo: Basi nimepata nyingine. Huduma kwa wateja, Bangkok. Nauli wanalipa wao, cheti hawataki, unaingia kwa viza ya utalii.

Baba Nasra: Shemeji, hapana. Mwajiri wa kweli anakupa mkataba, unaombewa viza ya kazi, kisha kibali. Mimi nilipita huko.

Mama Nasra: Nisikilize vizuri. Watu wanapokelewa uwanja wa ndege kama wageni wa heshima, wanapandishwa gari mpaka Mae Sot, mpakani. Wanavushwa mto Moei, ng'ambo ni Myawaddy, Myanmar. Wananyang'anywa pasi, wanafungiwa kwenye majumba, wanalazimishwa kutapeli watu kwa simu. Wanaokataa wanapigwa. Februari 2025 walitolewa maelfu, na humo walikuwamo Wakenya, Waganda na Waethiopia.

Mjomba Maskati: Hata huku habari hiyo tuliisikia. Umewapa kitu?

Ma'mdogo: Picha ya pasi tu.

Mjomba Maskati: Usiwajibu tena. Usifute chochote. Jumatatu nenda polisi na mazungumzo yote.

Bibi: Mwanangu, wewe huendi popote.

Ma'mdogo: Mama, mimi siendi. Ila mwenzangu wa saluni kashatumiwa tiketi. Ya Jumatano.

Mama Nasra: Mpigie sasa hivi.

Ma'mdogo: Hapokei

Ma'mdogo: Kapokea. Anasema nina wivu

Mama Nasra: Mwambie aje nyumbani kwa mama, aongee na mimi ninayeishi huku. Asiamini maneno yako, aniulize mwenyewe chochote.

Ma'mdogo: Anakuja. Nusu saa

Mama Nasra: Nipo. Muiteni na mama yake.