Kusawazisha majani ya mbele ya nyumba huku mgongo na kisukari vinasumbua, nianzie wapi?

Mstaafu_Tegeta

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa wanaojua majani. Uwanja wa mbele ya nyumba, hapa Tegeta, una mita 6 kwa 8. Upande wa jua ni ukoka, chini ya mwembe ni majani ya pemba. Umejaa mabonde kiasi kwamba ukitembea unayumba, na mvua ikinyesha maji yanatuama karibu na baraza. Nikilaza mbao juu, bonde kubwa lina kina cha sentimita 6, mengine ni kati ya 1 na 3. Kuna upara sehemu mbili, chini ya mwembe na katikati ya jua kali. Maji ni ya kisima na yana chumvi kidogo, ya bomba ya DAWASA yanakuja kwa zamu.

Upande wa afya, nina miaka 63. Nina kisukari, natumia insulini, na nyayo zina ganzi. Presha nina dawa zake, mojawapo ni ya kukojoza. Diski ya kiunoni imeteleza, daktari ameruhusu kazi nyepesi lakini si kubeba mizigo. Kijana wa kunisaidia nampata Jumamosi tu.

Fundi ameshauri tumwage kenta nzima ya mchanga, tusambaze siku moja, kazi iishe. Ni sawa? Na kipi nifanye mwenyewe, kipi nisiguse kabisa?

bustani_pwani

Shikamoo mzee, na pole kwa maradhi. Hiyo ya kenta nzima siku moja kataa. Ukoka ukifukiwa wote hauoni jua, unaoza chini ya mchanga, na pemba ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inatambaa juu ya ardhi. Mchanga wa juu usizidi sentimita 1 kwa awamu, na baada ya kusambaza lazima ncha za majani zionekane zimetokeza. Ukitazama usione kijani, umeweka mwingi. Awamu inayofuata unasubiri majani yapande juu na kufunika tena, wakati wa mvua ni kama wiki 4 hadi 6. Kwa hiyo kazi yenyewe inataka kwenda taratibu, na hilo linakufaa wewe.

Piga hesabu kabla ya kuagiza. Uwanja wako ni mita za mraba 48. Ukiufunika wote kwa sentimita 1 unahitaji lita 480, yaani ndoo 24 za lita 20. Ndoo moja ya mchanga mkavu ina kilo 30 na zaidi, ukilowa ndiyo usiseme. Jumla ni zaidi ya kilo 700, na hapo ni awamu moja tu. Kubeba, kuchota kwa chepe na kusukuma toroli ni kazi ya kijana, usiziguse hata kwa kumsaidia kidogo.

Mchanga uwe wa mto. Wa ufukweni una chumvi na vipande vya makombe. Changanya sehemu 3 za mchanga na 1 ya mboji iliyooza vizuri, uchekechwe ubaki laini bila kokoto. Mbolea ya kuku mbichi isiingie humo, inaunguza, na yenyewe ina chumvi wakati maji yako tayari yanayo.

Kabla ya kumwaga chochote, pima mwinuko, kwa sababu kusawazisha kwa macho ndiko kunakofanya maji yarudi barazani. Ardhi ishuke sentimita 2 kwa kila mita moja kutoka ukutani. Chukua mbao ya inchi mbili kwa nne yenye urefu wa mita 2, iliyonyooka, upande mmoja uguse ardhi ya karibu na baraza. Chini ya upande wa mbali weka kipande cha mbao chenye unene wa sentimita 4. Weka pima maji juu. Povu likikaa katikati, mteremko uko sawa. Kazi hii inafanywa na watu wawili: wewe unakaa kwenye kiti unasoma povu, kijana anainama. Na udongo ubaki chini ya sakafu ya baraza kwa sentimita 15 hivi. Watu wengi wanajaza mchanga mpaka ukutani, halafu unyevu na mchwa vinaingia ndani.

Bonde la sentimita 6 halijazwi kwa juu. Kijana akate majani vipande vya sentimita 30 kwa 30, unene wa sentimita 5, avinyanyue na mizizi yake, avipange kwenye turubai kivulini na kuvinyunyizia maji. Halafu ajaze udongo wa uwanja huohuo uliochanganywa na mboji, si mchanga mtupu, maana ukiweka mchanga mtupu sehemu moja patakauka haraka kuliko pengine na utaona doa la njano kila kiangazi. Ajaze kidogokidogo huku anakanyaga kwa visigino, amwagilie maji, na akirudisha vipande vibaki juu kwa sentimita 1 kuliko majirani zake, kwa kuwa udongo utashuka. Virudi siku hiyohiyo. Kwa mtu mwenye Jumamosi moja kwa wiki, fungueni bonde moja tu kwa siku.

Mabonde madogo: fyeka ukoka ubaki sentimita 2 au 3, pemba usiishushe chini ya 5. Ondoa majani makavu kwa reki. Toboa ardhi ili mchanga ushuke kwenye mizizi. Fundi wa kuchomelea atakutengenezea nondo ya milimita 12 yenye mpini wa T unaofika kifuani, unatoboa umesimama, kina sentimita 8 hadi 10. Hata hiyo jaribu kwanza penye udongo uliolowa. Ikigoma, mwachie kijana. Mchanga ukishamwagwa kwa mafungu madogo, wewe unaweza kuusambaza kwa mgongo wa reki, ukisukuma mbele. Mwisho kijana aburute mbao kwa kamba, mara moja kwa urefu na mara moja kwa upana.

Msimu: vuli inapoanza ni wakati mzuri, halafu awamu nyingine mvua za masika zikipungua kuelekea mwisho wa Mei. Usifanye Machi mwishoni. Mvua ya Aprili itaukokota mchanga wote mpaka getini.

nesi_wa_jamii

Shikamoo baba. Naongeza upande wa mwili, maana hapo ndipo watu wanapoumia wakati majani yanapendeza.

Nianze na nyayo, kwa kuwa ganzi ndiyo hatari yako kubwa kuliko hata mgongo. Usikanyage uwanja huo na ndala wala peku. Vaa viatu vya kufunika vyenye soli ngumu, na soksi. Kabla ya kuvaa, geuza kiatu, kikung'ute, mtu aingize mkono ndani apapase. Kokoto au msumari uliobaki kwenye mchanga wa ujenzi unaweza kukaa chini ya unyayo asubuhi nzima bila wewe kujua, na kidonda cha mguu wa kisukari kinaanzia hapo. Ukimaliza, osha miguu, kausha katikati ya vidole, tazama nyayo kwa kioo au mwambie mtu wa nyumbani atazame. Ukikuta lengelenge au mchubuko nenda kliniki siku hiyo, usisubiri uume, kwa sababu hautauma. Chanjo ya pepopunda nayo ulizia kama imepita miaka 10.

Mabonde yenyewe ni hatari kwa mtu asiyehisi ardhi. Kabla ya kazi chomeka vijiti vyenye vitambaa kwenye kila bonde. Mpira wa maji usiachwe umelala njiani.

Sukari: pima kabla ya kuanza. Ikiwa chini ya 5 mmol/L kula kwanza, ndizi au kipande cha mkate, kisha upime tena. Ikiwa juu ya 14 na hujisikii vizuri, kazi iahirishwe. Weka mfukoni sukari, si ndani ya nyumba. Ukitetemeka, ukitoka jasho la baridi au kichwa kikiwa chepesi, kaa chini, kunywa maji yenye vijiko 3 vya chai vya sukari, pima baada ya dakika 15. Kazi ya mikono inaweza kushusha sukari hata saa kadhaa baadaye, kwa hiyo pima na kabla ya kulala. Muulize daktari kama kati ya dawa zako za presha ipo atenolol au nyingine ya kundi hilo. Zinaficha mapigo ya moyo kwenda mbio, dalili inayobaki wazi ni jasho. Dozi ya insulini usiipunguze kwa kukisia, kliniki ndiyo ikupangie ya siku za kazi.

Dawa ya kukojoza na jua la Dar haviendi pamoja. Fanya kazi saa 12 hadi saa 3 asubuhi, au baada ya saa 11 jioni. Dakika 20 kazi, 10 kivulini, maji ya kunywa karibu. Siku ambayo presha imefika 180 juu au 110 chini, acha uwanja, tafuta huduma. Kifua kikibana au pumzi ikikata, vilevile.

Kiuno: kopo la rangi la lita 4 likijaa mchanga ni kilo 6 na zaidi. Kama daktari hajakutajia kilo, mwombe akutajie. Usizungushe kiwiliwili huku miguu imesimama, geuka kwa hatua. Reki iwe na mpini mrefu unaokuruhusu kusimama wima. Kufyeka kwa fyekeo sahau kabisa, mwachie kijana, ule mzunguko wa kiuno ndio unaosukuma diski. Maumivu yakishuka chini ya goti, pumzika na umwone daktari. Ganzi ikiingia katikati ya mapaja, au mkojo ukashindwa kutoka au kuzuilika, hiyo ni dharura, hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku.

ukoka_na_pemba

Mzee wangu, niseme la upara, halijaguswa.

Katikati ya jua: usipande kitu kabla hujachimba. Mwambie kijana achimbe sentimita 15 aone. Kwenye nyumba zetu mara nyingi pale ndipo mafundi walipokorogea zege, na chini kuna kigaga kigumu cha saruji na kokoto. Hapo utamwagilia mpaka uchoke. Kivunjwe, kitolewe chote, udongo mwingine urudishwe. Kama hakuna kigaga, vuta majani ya pembeni. Yakinyanyuka kama mkeka bila mizizi, kuna wadudu wanaokula chini. Changanya vijiko 2 vya sabuni ya maji kwenye lita 10 za maji, mwagia mita moja ya mraba, subiri dakika 10. Viwavi wanaokula majani wakiwepo watapanda juu, lakini funza weupe wanaokula mizizi hawapandi kwa sabuni, hao watafutwe kwa kuchimba. Kama wadudu hawapo, na udongo una utando mweupe na ncha za majani zimeungua, ni chumvi. Siku DAWASA wanapotoa maji, mwagilia sehemu hiyo lita 25 kwa mita ya mraba, polepole, chumvi ishuke chini ya mizizi. Kumwagilia kidogokidogo kila siku kwa maji ya kisima ndiko kunakoirundika juu.

Vipandikizi vya ukoka viwe na vifundo 3, vifundo 2 vizikwe sentimita 3, kimoja kibaki juu, nafasi sentimita 10 hadi 15. Kazi hii unaweza kuifanya kwa kukaa kwenye kigoda kifupi, eneo la mita moja kwa asubuhi linatosha. Glavu zivaliwe.

Chini ya mwembe: ukoka hautaki kivuli, usiupoteze hapo. Weka pemba, punguza matawi ya chini jua la asubuhi liingie. Na tafadhali msijaze udongo juu ya mizizi ya mwembe kutafuta usawa. Mizizi inakosa hewa, na shina likizungushiwa udongo linaoza. Paache pawe na mwinuko wake.

Udongo mweusi wa kando ya barabara unakuja na ndago. Kabla ya kununua mwingi, chukua kopo moja, umwagilie wiki mbili, uone kinachoota. Ndago ikishaingia, kuing'oa kwa mkono kunaacha vile vitunguu vyake chini na inazidi.

Mbolea, subiri wiki 3 baada ya mchanga: CAN kilo 1 kwa uwanja wote wa mita 48, nusu kwa urefu, nusu kwa upana, majani yakiwa makavu, kisha mwagilia hapohapo.

Mstaafu_Tegeta

Marahaba wanangu, nimeelewa vizuri. Moja sikusema: lile bonde la sentimita 6 liko mita moja na nusu kutoka chemba, na kuna shimo la majitaka jirani. Inabadilisha kitu?

bustani_pwani

Inabadilisha sana mzee, afadhali umesema. Lisijazwe kwanza, na wewe usisimame juu yake. Bonde linaloendelea kushuka karibu na shimo la majitaka linaweza kuwa mfuniko unaokatika, au bomba la kutoka chemba limepasuka na maji yanakokota mchanga chini. Fungueni chemba, mwageni ndoo mbili za maji chooni, muone kama zote zinapita kwenda shimoni. Zikipotea njiani, bomba linavuja, lichimbuliwe na kurekebishwa. Kuhusu mfuniko, fundi aupime kwa nondo ndefu akiwa amesimama kwenye ardhi imara pembeni, na zege lenye ufa libadilishwe, lisizibwe kwa plasta. Yote yakishapona ndipo bonde lijazwe kama nilivyoeleza. Juu ya mfuniko wenyewe msipande ukoka, udongo wa sentimita chache utaukausha kila kiangazi. Mfuniko uachwe wazi, usawa mmoja na majani, ili gari la kunyonya likija lisivunje kazi yako.